Nguvu ya Kuazima

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Hawakusema, hata hivyo, asili ya kitu huanzia wapi na huishia wapi. Pengine walinyamaza kwa makusudi, ili kila kizazi kijitafutie jawabu kwa mifano ya zama zake. Zama hizi zimejaa vyombo ambavyo viungo vyake hung'olewa hapa vikapachikwa kule, na miongoni mwa vyombo hivyo ni vichache vinavyoliuliza swali la asili kwa ukali kama gari dogo la kasi lililotolewa injini yake ya kuzaliwa likatiwa ya mwingine. Je, lingali gari lile lile? Nguvu liliyoipata ni yake, au ni ya kuazima? Na mwenye kulimiliki anawiwa nini na wale ambao hawakuwapo injini ilipobadilishwa?

Maswali haya yanaweza kudhaniwa kuwa ya gereji, yasiyostahili baraza la washairi. Walakini fundi aliyeinama juu ya injini na mtunzi aliyeinama juu ya ubeti wana shughuli inayofanana: kila mmoja ana umbo alilolirithi, na kila mmoja anatafuta nguvu ya kulitia ndani yake. Ya gereji, basi, yastahiki kusikilizwa.

Mfano ulio wazi ni wa gari la Kiingereza lililoitwa Sunbeam Tiger. Kabla ya kuwa Tiger lilikuwa Alpine, gari dogo la viti viwili, zuri la umbo, lililoanza kuuzwa mwaka 1959 na kampuni ya Rootes ya Coventry. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 injini yake ya silinda nne ilikuwa na ujazo wa lita 1.6, ikitoa nguvu za farasi zipatazo 80. Lilipendeza machoni, lakini huko Marekani, ambako soko lilikuwa kubwa, lilihesabiwa kuwa gari la matembezi kuliko la mashindano. Ian Garrad, aliyeiwakilisha Rootes katika pwani ya magharibi ya Marekani, aliona kwamba sura ya gari ilikuwa imeahidi jambo ambalo moyo wake haukuweza kulitimiza.

Zikaanza juhudi za kulitafutia moyo mwingine. Yasimuliwa kwamba msimamizi wa huduma wa kampuni hiyo alizunguka kwa wauzaji wa magari akiwa na kijiti cha mbao cha kupimia, akitafuta injini ya silinda nane itakayoenea mahali palipoumbiwa silinda nne. Iliyoenea ilikuwa ya Ford, yenye inchi za ujazo 260, yaani kama lita 4.3, nayo ilikuwa nyepesi kwa injini za aina yake. Carroll Shelby, dereva mstaafu wa mashindano ambaye mwaka 1962 alikuwa amekwisha kutia injini ya Ford ndani ya gari jingine la Kiingereza, la kampuni ya AC, na kulizaa Cobra, alipewa kazi ya kuunda gari la majaribio kwa dola 10,000. Mwaka 1963 gari hilo likasafirishwa hadi Uingereza, Lord Rootes mwenyewe akaliendesha, akaridhika nalo, na injini zikaagizwa kutoka Ford. Aprili 1964 Tiger likaonyeshwa New York. Hadi utengenezaji wake ulipokoma mwaka 1967, yalikuwa yamezaliwa magari zaidi kidogo ya 7,000, yakiunganishwa katika kiwanda cha Jensen huko West Bromwich.

Kijiti cha mbao kilipima urefu na upana. Hakikupima kila kitu. Injini mpya ilienea, ila kwa shida. Inajulikana kwamba wafanyakazi wa Jensen walilazimika kuugonga kwa nyundo ukuta wa bati unaoitenga injini na abiria, ilhali bodi ilikuwa imekwisha kupakwa rangi, ndipo injini ikapata kukaa. Plagi moja haikufikika kwa juu, ikabidi ifikiwe kupitia tundu lililotobolewa katika ukuta huo huo na kuzibwa kwa kizibo cha mpira. Mfumo wa usukani ulibadilishwa, kwa sababu ule wa zamani haukuwa na nafasi tena. Springi za mbele ziliongezwa ugumu. Ekseli ya nyuma ilifungiwa fimbo ya chuma ili isiyumbe kwenda upande, na fimbo hiyo ikalihamisha tairi la akiba likalazwa chini ya sakafu ya buti. Betri nayo ikahama kutoka ndani hadi nyuma. Uzito wa gari ulipanda kutoka kilo 1,007 hadi kilo 1,203.

Katika orodha hii ndefu mna jambo moja ambalo halimo: breki. Zile diski za mbele na dramu za nyuma zilibaki zile zile za Alpine. Nguvu ilikuwa imekaribia kuzidi mara mbili, uzito umeongezeka kwa karibu kilo 200, lakini kiungo cha kuzuia kiliachwa kilivyokuwa.

Hapa ndipo swali la kwanza la kimaadili linapojitokeza, nalo linatangulia swali la asili. Atiaye nguvu mpya katika mwili wa zamani amejitwika dhamana ya mwili huo. Injini haipokewi na mahali inapofungwa peke yake. Hupokewa na gari zima, tangu usukani hadi mahali pa kuweka tairi la akiba. Elimu ya mwendo inafundisha kwamba kasi ikizidi mara mbili, kazi ya breki huzidi mara nne. Kwa hiyo anayeongeza nguvu bila ya kuongeza uwezo wa kujizuia hakuongeza kitu kimoja tu. Amepunguza kingine kimyakimya, na alichokipunguza hakionekani mpaka siku ya haja. Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka, na aliye karibu nayo wakati wa kupasuka si lazima awe yule aliyeipiga.

Lolote lisemwalo juu ya Tiger, lilikuwa gari la kiwandani, lililopimwa na kujaribiwa na watu wenye ujuzi. Mashaka ni makubwa zaidi kwa yale yanayofanyiwa kazi hiyo kwenye magereji ya mitaani. Tangu Mazda ilipotoa gari lake dogo la MX-5 mwaka 1989, wapo mafundi walioliondolea injini yake ya lita 1.6 wakalitia silinda nane za Kimarekani. Wapo pia waliochukua injini ya lita 1.6 ambayo Honda iliitoa mwaka huo huo wa 1989, yenye nguvu 160, wakaitia katika magari ya Civic yaliyozaliwa na nguvu chini sana ya hizo. Baadhi yao ni mafundi waadilifu: wakibadili injini hubadili na breki, giaboksi, ekseli na rejeta. Wengine hutosheka na mngurumo. Kwa mtazamaji aliye kando ya njia, kazi hizi mbili hazina tofauti.

Wapenzi wa magari haya, wanapokutana, huzungumza kwa namba: ujazo wa injini, nguvu za farasi, uzito, sekunde za kutoka kusimama hadi kasi fulani. Namba zina heshima yake, kwa kuwa bila kipimo hapana ufundi. Lakini namba nazo zina historia. Zile nguvu 164 zilizotangazwa kwa Tiger zilipimwa kwa desturi ya Marekani ya wakati huo, ambapo injini ilipimwa ikiwa imewekwa peke yake, bila baadhi ya vifaa inavyovibeba ikiwa ndani ya gari. Mwaka 1972 watengenezaji wa Marekani walipohamia kwenye kipimo cha injini iliyo na vifaa vyake, injini ile ile iliweza kuandikwa namba ndogo kuliko ya jana, wala hapana aliyeigusa. Japani nako, kuanzia 1989 hadi 2004, watengenezaji walikuwa na mapatano ya kutotangaza gari lenye zaidi ya nguvu 280, ingawa ilijulikana kwamba yapo yaliyozidi. Upande mmoja namba ilitiwa chumvi, upande wa pili ikafichwa.

Msomaji wa ushairi hatashangaa. Anajua kuwa shairi linaweza kuwa na mizani kumi na sita katika kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho visiwe na kasoro, na bado likawa halina uhai. Mizani si uongo. Ni sharti, na asiyelitimiza asijiite mtunzi wa bahari hiyo. Ila kulitimiza sharti si kumaliza kazi. Hali kadhalika na nguvu za farasi. Zinaeleza kiasi cha nguvu iliyotiwa, hazielezi namna ilivyopokewa.

Swali la pili ni la jina. Magari ya mwanzo ya Tiger yalibandikwa ubavuni nembo ndogo iliyotangaza kwamba nguvu yake imetoka Ford, injini ya 260. Ulikuwa uungwana: gari la Kiingereza lililokiri hadharani kuwa limekopa kwa Mmarekani. Lakini mwaka 1967 kampuni ya Chrysler, mshindani wa Ford, iliitwaa Rootes. Injini ya Chrysler yenyewe haikuenea katika nafasi ile, na mtengenezaji hakupenda kuendelea kuuza gari lenye moyo wa mpinzani wake. Utengenezaji ukasitishwa, na kwa magari yaliyokuwa yamesalia, nembo ya Ford iliondolewa, ikawekwa nyingine iliyosema tu kuwa hili ni Sunbeam la silinda nane. Injini ilikuwa ile ile ya Ford. Kilichobadilika ni ukiri.

Fasihi ya mwambao inayo desturi inayoweza kuwekwa kando ya kisa hiki. Mtunzi wa takhmisa huchukua beti za mwenziwe, aghalabu aliyemtangulia kwa miaka mingi, akaongeza mishororo yake hadi kila ubeti utimie mitano. Ni kazi ya kuunganisha nguvu mbili katika mwili mmoja. Takhmisa ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, haikulificha jina la mwenye beti za asili. Jina hilo ndilo lililobebwa na utungo hadi leo. Sayyid Abdalla hakupungukiwa na kitu kwa hilo. Kinyume chake, ufundi wake huonekana zaidi, kwani msomaji anajua ni wapi palipokuwa na kiungo na namna kilivyofichwa kisionekane mshono. Mwenye kukiri mkopo hukaribisha sifa ya uunganishaji. Mwenye kuuficha huitaka sifa ya uumbaji, nayo si yake.

Swali la tatu ndilo gumu, na magari yale yale ndiyo yaliyolizalisha. Miaka ilipopita, Tiger likawa gari la kutafutwa na thamani yake ikapanda, ilhali Alpine yalikuwapo kwa wingi na kwa bei ya chini. Mafundi wakatambua kwamba mtu akilichukua Alpine, akalitia injini ile ile ya Ford, usukani ule ule na fimbo ile ile ya nyuma, atapata gari ambalo jicho la kawaida halitalitofautisha na Tiger. Magari hayo ya mseto yamepewa jina la utani la Alger, na baadhi yake yaliuzwa kwa jina na bei ya Tiger. Mambo yalifika hadi wenye Tiger huko Marekani wakaunda kamati ya wakaguzi, ambao huyatazama magari kwa kutafuta alama zilizoachwa na mikono ya wafanyakazi wa Jensen, alama ambazo wao huzitunza kama siri ili waghushi wasijifunze kuziiga.

Fikira iliyomo humu ni ya kale. Plutarch aliandika kuhusu meli ya Theseus ambayo Waathene waliihifadhi kwa kuiondolea mbao zilizooza na kuweka mpya, hata wanafalsafa wakabishana kama ni meli ile ile. Mwaka 1655 Thomas Hobbes akaongeza utata: je, kama mtu angeziokota zile mbao kuukuu akaziunganisha upya, meli ya kweli ingekuwa ipi? Watu wa mwambao hawakuhitaji kuwasoma hao ili walijue jambo hili. Jahazi hupandishwa pwani, likabadilishwa ubao baada ya ubao, likatiwa kalafati na sifa, likarudishwa majini kwa jina lile lile. Na katika karne ya 20 majahazi mengi yalitiwa injini za dizeli, fashini zikatobolewa ili rafadha ipate njia, na hapana aliyesema kuwa jahazi la fulani limekufa. Liliendelea kuwa jahazi la fulani, lililotiwa injini mwaka fulani, na kila mtu bandarini alijua.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo ufunguo. Alger na Tiger huweza kulingana kwa ujazo, kwa nguvu, kwa uzito na kwa sura. Orodha ya sifa ikiandikwa kwenye karatasi mbili, hakuna atakayejua ipi ni ya lipi. Kinachoyatenga ni kisa. Hili lilianza kama Tiger mikononi mwa watu wa West Bromwich, na lile lilianza kama Alpine likabadilishwa baadaye na fundi mwingine, pengine hodari kuwashinda wale wa mwanzo. Kisa hakiongezi hata nguvu moja ya farasi. Walakini kisa ndicho kinachofanya kitu kiwe hiki na si kingine.

Mtu anaweza kupinga akauliza: ikiwa magari mawili yanakwenda sawasawa, mnunuzi amedhulumiwa nini? Alitaka mngurumo, kaupata. Alitaka mwendo, kaupata. Jawabu ni kwamba mnunuzi hakununua mwendo peke yake. Alinunua neno la muuzaji, na kwa neno hilo ataliendesha gari, ataliwekea bima, atawapakia wanawe, na siku moja atamwambia mnunuzi mwingine. Neno likiwa la uongo, uongo huo hautasimama kwake. Kila atakayelishika gari baada yake atalishika kwa kisa kisicho chake, naye atakuwa msema uongo bila kujua. Dhuluma ya fedha huisha siku ya kulipwa fidia, lakini dhuluma ya namna hii huendelea kuzaa.

Lakini wenye kujivunia usafi wa nasaba wasikimbilie kushangilia. Tiger la kweli, lile ambalo kamati hulipa cheti, ni chotara mtupu: bodi ya Kiingereza, moyo wa Kimarekani, na ukuta uliobondwa kwa nyundo ili viwili hivyo vikae pamoja. Hapana asili safi hapo ya kulindwa. Kinacholindwa na wakaguzi ni ukweli wa mchanganyiko: nani alichanganya, wapi na lini. Alger linalouzwa kwa jina lake, mwenyewe akasema bayana kwamba hili lilizaliwa Alpine nami nimelitia silinda nane, halina aibu yoyote, wala halina deni kwa mtu. Aibu huingia pale linapobadilishiwa jina.

Jambo hili lina uzito wake katika mwambao huu, ambako neno nasaba limeinua watu na limewavunja wengine. Wapo waliolificha tawi moja la ukoo ili lingine lionekane refu, kama ile nembo ya Ford iliyong'olewa mwaka 1967. Lugha yenyewe ya Kiswahili imefanya uungwana zaidi kuliko wasemaji wake. Mwili wake ni wa Kibantu, nayo imepokea maneno ya Kiarabu, ya Kiajemi, ya Kireno, ya Kihindi na ya Kiingereza, ikayavalisha viambishi vyake na ikaendelea na safari. Neno gari limetoka Bara Hindi. Neno injini limetoka kwa Waingereza. Na msemaji anayesema gari lake limebadilishwa injini amesema Kiswahili fasaha. Kuacha asili, basi, si kupokea cha mwingine. Ni kukana kwamba ulipokea.

Kwa hiyo ile methali ya wahenga inaweza kusomwa upya. Mtumwa ni yule ambaye hana ruhusa ya kusimulia alikotoka, na gari linalofichiwa kisa chake limewekwa katika hali hiyo. Nalo huwatia utumwani hata watu: mwenye nalo huishi kwa hofu ya kuulizwa, na anayelinunua huendesha nguvu asiyoijua kwa breki asizozijua.

Katika miji ya pwani, ambako magari mengi na injini nyingi hufika zikiwa zimekwisha kutumika kwingine, kadi ya gari huandikwa namba mbili, ya chasisi na ya injini. Mnunuzi mwenye busara hufungua boneti kabla ya kufungua mkoba, akaisoma namba iliyopigwa kwenye chuma, akailinganisha na ya kwenye kadi. Zisipolingana, hana haja ya kuondoka kwa hasira, maana injini hubadilishwa kwa sababu nyingi za halali. Na amuulize muuzaji ilitoka wapi, ilitiwa na nani, na ni kitu gani kingine kilibadilishwa siku hiyo. Kisha, kabla ya kumwamini, aombe magurudumu yafunguliwe azitazame breki.